Kutoa kopi kitabu kizima steshenari: wizi au haki ya kusoma?

Fundi Spairo
Wakuu habari za jioni. Mimi nina steshenari ndogo huku Ng'ong'ona, Dodoma, wateja karibu wote wanachuo. Juzi kaingia mzee mmoja ana barua ya kuprinti, akaona kitabu kimepigwa kopi na spairo kipo kaunta, akauliza bei nikamwambia elfu nne, kumbe ndo mwandishi mwenyewe! Hakugomba, alisema tu dukani ni elfu 25 na hawanunui, akalipa hela ya barua akaondoka. Sasa nauliza, sheria inasemaje? Maana dogo anayesubiri bumu, yani hela ya mkopo wa chuo, hiyo elfu 25 ataitoa wapi, na maktaba nakala zenyewe za kugombania.

Kanzu ya Jamatini
Mkuu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Mwanafunzi akitoa kopi kwa ajili ya kusoma mwenyewe sheria inampa nafasi. Wewe unayezipanga kaunta na kuziuza hiyo nafasi huna, ni biashara hiyo. Na usiseme mzee akifa basi, haki inaendelea miaka 50 baada ya kifo, wanakula wajukuu.

Ila sheria za nchi zenyewe na hukumu za mahakama hazina hakimiliki kabisa. Piga kopi Katiba mpaka wino uishe hakuna wa kukushtaki, wewe unauza karatasi na jasho lako. Na wanachuo wa sheria waambie hukumu zipo bure mtandaoni, tovuti ya TanzLII, wasimalizie hela kwako.

Zabibu Chachu
Mi naona tunamkaba muuza kopi wakati wanaoficha taarifa wapo maofisini. Ibara ya 18 ya Katiba inasema una haki ya kutafuta na kupokea taarifa, sawa, lakini Bunge lipo hapahapa Dodoma na 2016 televisheni ya taifa, TBC, wakaacha kurusha vikao laivu kwamba gharama kubwa, yani mtu wa Makole hapa mjini akawa anasikia mlio wa msafara tu. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, unaandika barua ofisi ina siku 30 za kukujibu. Niliandika ofisi moja kuuliza hela ya kisima cha kijijini kwetu, nikazungushwa mpaka mtunza masijala akawa ananisalimia kwa jina. Alafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ukitaka kublogu leseni ikawa shilingi milioni moja! Kijana wa Nkuhungu anayeandika habari za mtaa wake milioni angeitoa wapi. Kwaiyo mi nasema maarifa yawe bure, yote, kopi zipigwe.

Mwandishi Njaa
Zabibu umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Taarifa ya kisima ni yako, umeilipia kodi, anayekunyima amekuibia. Kitabu changu umekilipia wapi? Nimekopa vikoba nikachapishe, nimezunguka na boksi kwenye basi kutoka Singida mpaka Kondoa, alafu uniambie ni haki yako kwa sababu wewe ni maskini. Na mimi je?

Tena mnasema uhuru wa kuongea, huo uhuru unahitaji mtu anayekula. Mwandishi asiyeuza vitabu ataishia kuandika hotuba za wakubwa, hapo ndo mtajua uhuru umeenda wapi. Vitabu vya shule Taasisi ya Elimu wameviweka mtandaoni watu wanasoma bure, safi kabisa, waandishi walishalipwa. Mimi wa kunilipa ni huyo mnunuzi tu.

Fundi mtafute huyo mzee. Mwambie kila kopi unampa buku, elfu moja, mkubaliane kwa maandishi. Mimi ningekubali leo, elfu 25 yenyewe dukani nabaki na kidogo sana.

Fundi Spairo
Buku kwenye elfu nne hapana mkuu, karatasi na tona zimepanda. Nikiuza elfu tano wanachuo watalipa? Namba yake sina ila barua aliyoprinti bado ipo kwenye kompyuta.

Zabibu Chachu
Watalipa. Ila barua ya mtu usiisome bana, na wewe!

Kanzu ya Jamatini
Namba huwa ipo juu kulia, angalia hapo tu ufunge.