Maji ya rejeta yanaingia kwenye oili baada ya ovahoo, nianzie wapi?

Wakuu, Prado yangu ya injini ya 1KZ imetoka ovahoo (injini kufumuliwa na kuundwa upya): gasketi mpya, hedi (kifuniko cha juu cha injini) imeskimiwa yaani imesawazishwa uso, pistoni mpya. Siku ya tatu nikavuta dipstiki, oili imepanda juu ya alama na imekuwa kama chai ya maziwa. Rejeta inapungua karibu lita moja kwa siku. Moshi mweupe hakuna, haichemshi. Fundi anataka kufungua hedi tena. Gari hii ndiyo inalisha nyumba yangu, naombeni msaada.

Jibu:
Pole sana mkuu. Kwanza usiiwashe tena, oili yenye maji inakula beringi za kranki (shafti kuu ya injini). Hedi ikipasuka, mara nyingi utaona moshi mweupe au mapovu kwenye rejeta. Wewe huna. Ningeshuku oili kula (kifaa kinachopoza oili kwa maji ya rejeta), ile iliyo ubavuni mwa bloku karibu na filta. Je, sili zake (mipira ya kuzuia uvujaji) zilibadilishwa?

Jibu:
Naunga mkono. Shusha sampo (bakuli la oili chini ya injini), pampu rejeta hadi presha ya PSI 15, lala chini na tochi, subiri nusu saa. Maji yakidondoka kwenye beringi za kranki, yamepitia njia ya oili, kagua oili kula. Yakishuka kwenye ukuta wa silinda, hapo fungua hedi.

Muulizaji:
Nimefanya jana. Yalidondoka kwenye beringi ya kati. Tumefungua oili kula: sili ya zamani ilirudishwa, ngumu kama plastiki, imekatika upande mmoja. Mungu awabariki. Sasa nasafisha, nitamwaga oili mara mbili.