Tupeane uzoefu: amplifaya ya kwanza ya gitaa la umeme, kwa wapigaji wa Unguja na Pemba

Nyuzi Sita

Assalaam alaykum wanajukwaa. Vijana wengi siku hizi wananunua gitaa la umeme kwanza, halafu ndio wanauliza walichomeke wapi. Gitaa linaletwa na ndugu kutoka Dar au Dubai, mwenyewe analipiga kavukavu chumbani, baada ya muda mfupi hamu inakatika. Nimeona tukusanye hapa uzoefu wetu, ili anayetaka kununua amplifaya ya kwanza asome kabla ya kutoa pesa.

Nianze na langu. Nafundisha gitaa, na kwa wanafunzi wangu nashikilia jambo moja: sauti safi kwanza. Zima distosheni (ile ya kukwaruza sauti), toa rivabu (mwangwi), weka besi, midi na trebo katikati, kisha piga kodi ya G kamili taratibu. Kila uzi ukisikika peke yake, amplifaya hiyo inafaa kuzungumziwa bei. Zikichanganyika zikawa mvumo mmoja, iache hata kama ina mapambo chungu nzima. Muziki tunaopiga huku, iwe taarab ya kisasa, rumba ya hotelini au nyimbo za harusini, unakaa kwenye sauti safi karibu muda wote. Distosheni utaiongeza baadaye kwa pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti. Sauti safi ikiwa mbovu, hakuna pedali ya kuitengeneza.

Jaribio la pili: piga uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ukiwa wazi, uuache mpaka ufe wenyewe. Nota ile ina mtetemo wa hezi 82 hivi (mara 82 kwa sekunde), na spika ndogo inahangaika nayo. Kwenye spika ya inchi 6 utasikia ukali wa juu wa nota, lakini uzito wake haupo. Inchi 8 inaanza kueleweka. Ukifika inchi 10 au 12 ndio unaisikia nota yote. Kwa chumbani inchi 8 inatosha, na mtu akiweza inchi 10 asisite.

Haya, karibuni. Semeni mnatumia nini, mnapigia wapi, na umeme wenu ukoje.

Ghorofa ya Tano

Waalaykum salaam mwalimu. Mimi ni mwanamke, nakaa ghorofani Michenzani, na mchana niko kazini. Muda wangu wa kupiga ni usiku watoto wakishalala. Kwa hiyo kwangu suali la kwanza lilikuwa tundu la hedifoni, na lazima liwe linazima spika ukichomeka. Mengi yanazima, lakini jaribu dukani palepale.

Natumia Yamaha THR10. Ina vispika viwili vidogo vya inchi 3 na kitu, haikutengenezwa kwa jukwaa. Imekusudiwa kukaa mezani na kusikika vizuri kwa sauti ya mazungumzo. Naweza kuchomeka simu, nikaweka wimbo chini na mimi nikafuata juu yake. Inakubali betri nane za AA, umeme ukikatika naendelea.

Kaka yangu ana Boss Katana ya wati 50 yenye spika ya inchi 12. Nilidhani kwa ghorofani haiwezekani, lakini ina swichi ya kushusha nguvu: nusu wati, wati 25, au zote 50. Kwenye nusu wati jirani hajawahi kugonga mlango. Adhana ikianza anaweka swichi kwenye kusubiri, bila kugusa mpangilio wa sauti. Kwa mtu anayetaka chombo kimoja cha chumbani na cha bendi, mimi ningemwambia atafute ya namna hiyo.

Fundi Mtoni

Natengeneza redio na vyombo vya muziki. Nitasema jambo moja kwa urefu, maana ndilo linaloniletea wateja wenye huzuni: volti.

Vitu vingi vilivyotumika vinavyoshuka bandarini kwetu vinatoka Japani. Ni imara, spika zake nzuri, na amplifaya ya Japani iliyotumika mara nyingi inaishinda mpya ya bei hiyohiyo. Lakini umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Muuzaji anachukua adapta ya pini tatu, anaivisha kwenye plagi ya pini mbili bapa, mnunuzi anaona imeingia ukutani, anaamini mambo yamekwisha. Adapta ile inabadilisha umbo la pini tu. Volti zinapita kama zilivyo.

Ikiletwa kwangu naijua kabla ya kuifungua, kwa harufu ya vanishi iliyoungua. Ndani fyuzi imekatika, kapasita kubwa zimevimba vichwa, na karatasi inayozunguka waya wa transfoma imekuwa nyeusi. Fyuzi naweka nyingine. Kapasita zinapatikana. Transfoma ya umbo lile kuipata Unguja ni kazi, kuisuka upya ni gharama, na mara nyingi mteja anaondoka na spika yake mkononi.

Kwa hiyo ndugu zangu, tazama mgongo wa amplifaya kabla ya uso. Soma kibandiko au bati pale waya wa umeme unapoingilia. 220-240V 50Hz, chomeka. 100-240V, inajirekebisha yenyewe, chomeka. 100V ni ya Japani. 120V 60Hz ni ya Marekani. Hizi mbili za mwisho zinataka transfoma ya kushusha umeme, na hiyo uihesabu kwenye bei kabla hamjapatana.

Transfoma zinazouzwa madukani nyingi zinashusha mpaka 110. Kwa chombo cha Marekani hakuna tatizo la volti. Kwa chombo cha Japani ni asilimia kumi zaidi ya kilichoandikwa, kitafanya kazi lakini kwa joto, na cha valvu, yaani cha mirija ya kioo badala ya transista, ndio kitaumia zaidi. Tafuta yenye tundu la 100. Halafu transfoma haibadilishi hezi. Chombo cha Japani kwa kawaida kimeandikwa 50/60, maana nusu ya nchi yao inatumia 50 na nusu 60, kwa hiyo hapo tuko salama. Kilichoandikwa 60 peke yake kitapata moto zaidi kwenye 50 yetu. Kipe nafasi ya kupumua, usikibane na ukuta.

Kuna ndogo zenye adapta ya nje, mfano Roland Micro Cube, inayoingiza volti 9 tu. Ukikuta ya Japani usiogope: tupa adapta yake, nunua ya 100-240V inayotoa volti 9, ampia zisizopungua zilizoandikwa, na hakikisha hasi iko katikati ya plagi kama mchoro unavyoonesha. Kazi imekwisha.

Na tafadhali sana, pini ya ardhi isikatwe. Nyuzi za gitaa zimeungana na ardhi kupitia waya na amplifaya. Amplifaya ikivuja umeme na ardhi haipo, vidole viko kwenye nyuzi na midomo inagusa maikrofoni, umeme unapita mwilini. Mvumo unaosikika kwenye spika kwa sababu ya waya wa ardhi unatatuliwa kwa njia nyingine. Kukata pini si dawa.

Wete Kwetu

Fundi Mungu akuweke. Sisi wa Pemba tunapata umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na hali imekuwa bora kuliko zama za majenereta. Lakini unakatika, na unaporudi unarudi kwa kishindo. Mimi nina stabilaiza, na umeme ukikatika nachomoa kabisa, naungoja utulie ndipo nawasha tena.

Natumia hiyohiyo Micro Cube, betri sita za AA. Spika inchi 5, wati chache. Mwalimu hapo juu atasema uzi wa sita hautoki, ni kweli hautoki. Lakini nakwenda nayo skuli, nakwenda nayo barazani, naiweka mbele ya pikipiki hadi Konde na kurudi. Kwa anayeanza, amplifaya iliyo karibu naye kila siku itamfunza kuliko kubwa inayongoja umeme. Mnakumbuka Unguja mlivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nilikuwa huko wakati ule, na mwenye chombo cha betri ndiye aliyekuwa anapiga.

Solo Kaskazini

Naheshimu mliyosema, ila nasimama upande mwingine kidogo. Napiga hotelini Nungwi na Paje. Kijana akija kwetu na hiyo ya inchi 5, ngoma ikianza hatumsikii, na yeye mwenyewe hajisikii. Kama nia yako ni bendi, nunua ya bendi mapema: spika ya inchi 12, wati kama 50 za transista, au 15 hadi 20 za valvu.

Watu wanadanganywa na wati. Wati 100 si mara kumi ya wati 10 kwa sikio, ni kama mara mbili tu. Kutoka 50 kwenda 100 tofauti ni desibeli 3, unaisikia lakini haikushtui. Spika yenyewe ina sehemu kubwa: iliyo nyepesi kuitikia inaongeza sauti bila wati hata moja zaidi. Wati za ziada faida yake ni kwamba sauti inabaki safi unapopandisha, haivunjiki. Kwa rumba hilo ndilo tunalolitaka.

Ufukweni ni jambo lake peke yake. Hakuna kuta za kurudisha sauti, upepo unaichukua. Amplifaya iliyonitosha ukumbini ikawa kama haipo. Nilichojifunza ni kuiinua juu ya kreti na kuilaza nyuma kidogo, spika inielekee masikioni. Ikiwa chini inapiga miguu, unaongeza trebo, halafu wageni waliokaa mbele wanaumia. Sauti ya wageni mwachie fundi mitambo: maikrofoni moja ya Shure SM57 karibu na kitambaa cha spika, kandokando ya katikati, inatosha. Kwenye jukwaa kubwa la tamasha kama Sauti za Busara, amplifaya ya kukusikilizisha wewe inatosha kabisa, mengine ni kazi ya mitambo.

Nikipata pa kupigia penye Roland JC-120 siku yangu imekaa vizuri. Tangu 1975 wanaitengeneza, spika mbili za inchi 12, na kwa sauti safi sijaona ya kuizidi. Lakini ni karibu kilo 28. Kijana wa daladala usiinunue.

Nyuzi Sita

Kaka Solo, nakubali kwa anayejua tayari kwamba anakwenda bendi. Wanafunzi wangu wengi hawajui bado. Ndiyo maana ile ya swichi ya nguvu aliyoitaja dada wa Michenzani naiona inaziba pengo, kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo aanze na inchi 8, sauti safi, tundu la hedifoni. Akiiuza baadaye itamrudishia kitu.

Valvu kwa mwanafunzi simshauri. Sauti yake naipenda mno, lakini wati 5 za valvu chumbani zinatosha kuudhi mtaa, na utamu wake unakuja ukiipandisha. Pia usiiwashe bila spika kuunganishwa, transfoma ya ndani inayopeleka sauti kwenye spika itaharibika. Na ndani mna volti zaidi ya 300 zinazobaki kwenye kapasita hata ukiichomoa ukutani. Asiyejua asifungue.

Bado Najifunza

Mimi sina pesa ya yote haya kwa sasa. Nyumbani kuna sabufa. Nikichomeka gitaa hapo kuna ubaya?

Fundi Mtoni

Haitaungua ukianza na sauti ya chini, ila haitakufurahisha. Pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, amplifaya za gitaa zinaweka kama megaohmu 1. Tundu la sabufa liko chini sana ya hapo, linaimeza trebo, sauti inatoka hafifu na imefifia. Ukiweka distosheni ndio balaa: spika ya gitaa inakata ukali wa juu kuanzia hezi elfu 5 hivi, sabufa inautoa wote na unakwaruza sikio. Ukiazima pedali yenye kuigiza spika ukaipitisha katikati, hapo sabufa inatumika vizuri tu mpaka Mungu afungue.

Na kwa wote: hewa yetu ya chumvi inakula matundu na vitufe vya kuzungusha. Unaponunua iliyotumika, zungusha kila kitufe taratibu mwanzo hadi mwisho huku imewaka. Mkwaruzo mdogo unatoka kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia. Sauti ikikatika kabisa sehemu moja, kitufe kibadilishwe, omba punguzo. Tikisa waya kwenye tundu la gitaa. Waya ukigoma kushika, tundu limelegea. Mulika spika kwa tochi ya simu uangalie kama karatasi imechanika. Iache iwake nusu saa, maana zipo zinazoanza vizuri na kuanza kulia zikipata moto. Nyumbani usiiweke dirishani upande wa bahari, na uifunike kwa kitambaa. Nailoni inafungia unyevu.

Bado Najifunza

Ahsante fundi. Jana Darajani niliona moja, spika inchi 10, mgongoni imeandikwa 100V 50/60Hz 38W. Muuzaji anasema adapta inatosha.

Fundi Mtoni

Adapta haitoshi, mwambie asiiwashe kabisa. Hiyo 38W ni umeme inaokula, si wati za sauti, kwa hiyo transfoma ya wati 100 yenye tundu la volti 100 itaibeba bila kuchoka. Ninayo moja ya kujaribia. Jumamosi asubuhi nitakuwa mjini, chukua gitaa lako na waya wako, tuiwashe kwa volti zake na tuisikilize nusu saa kamili. Bei mtazungumza baada ya hapo, na transfoma iingie kwenye hesabu.