Babangu amekadiriwa asilimia 9 ya kufariki akipasuliwa utumbo: tukubali au tungoje?

Kijana wa Langoni

Assalamu alaikum. Ninaandika kutoka Lamu, na naomba ushauri wa watu wazima wenye subira. Babangu ana umri wa miaka 71, ni fundi wa majahazi aliyestaafu. Mwezi uliopita aligunduliwa uvimbe katika utumbo mpana, upande wa kushoto, na kipande kilichopelekwa maabara kikathibitisha kuwa ni saratani. Picha ya CT haikuonyesha kuwa imefika kwenye ini wala mapafu, na daktari wa Mombasa amesema sehemu hiyo ya utumbo ikatwe. Binamu yangu anayesomea uuguzi alijaza habari zake katika kikokotoo cha hatari za upasuaji kilichoko mtandaoni, kikatoa asilimia 9 ya kufariki ndani ya siku 30. Tangu usiku huo sijalala vizuri. Je, asilimia 9 ni nyingi? Angekuwa ni baba yako, ungekubali?

Nahodha Mstaafu

Wa alaikumu ssalam, mwanangu. Asilimia 9 maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wanarudi nyumbani 91, na bahari ya kusi haijawahi kuniahidi mimi mambo mazuri kama hayo. Nilipopata ngiri iliyonyonga utumbo, nililetwa kutoka Kizingitini usiku kwa mashua, mawimbi yakiingia ndani, na hapakuwa na mtu wa kunikadiria isipokuwa kijana wa injini aliyekuwa akilia. Nilipasuliwa alfajiri na leo nina wajukuu sita.

Mama wa Shela

Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu wala hauko kwenye simu ya binamu yako. Vijana wa siku hizi mnataka kujua hata yaliyofichwa. Ombeni, toeni sadaka, kisha mfuate aliyosema daktari.

Muuguzi wa Zamu

Bi mkubwa, nakubaliana nawe kuhusu sadaka, lakini hakuna anayetabiri ghaibu hapa. Madaktari wanahesabu yaliyowapata wagonjwa wengine waliofanana na huyu, na hesabu hiyo ina faida ikiwa kilichojazwa ni cha kweli. Kijana, kabla sijasema lolote naomba majibu. Ni kikokotoo gani? Daraja la hali ya mgonjwa, ambalo hupangwa na daktari wa usingizi, nani alilijaza? Mzee amepungua kilo ngapi katika miezi sita? Anavuta sigara? Anaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama? Na la mwisho: yeye mwenyewe anasemaje?

Kijana wa Langoni

Ahsante, dada. Ni kile cha Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani. Daraja alijaza binamu, akaweka la 4. Uzito umeshuka kutoka kilo 64 hadi 53. Sigara anavuta mbili tatu baada ya alasiri, na kusema kweli hilo silioni kuwa jambo kubwa kwa mtu wa miaka 68. Kuhusu ngazi, zamani alikuwa akilala darini. Siku hizi tumemtandikia chini karibu na daka kwa sababu akifika ngazi ya kumi hushika ukuta. Sisi watoto tumeshauriana, na kwa kweli tunaelekea kungoja miezi mitatu minne apate nguvu. Sioni kwamba kungoja ni kosa. Naomba tu kujua kama asilimia 9 ni nyingi.

Fundi Chereko

Ndugu yangu, mimi ningekwenda Uhindi. Jirani yetu alikwenda na akarudi amenenepa.

Muuguzi wa Zamu

Hukunijibu la mwisho.

Kijana wa Langoni

Niliona halina uhusiano na takwimu.

Muuguzi wa Zamu

Lina uhusiano kuliko yote. Mzee anasemaje?

Kijana wa Langoni

Baba hajui. Ameambiwa ana kidonda cha utumbo. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemwomba daktari azungumze na sisi kwanza, na baada ya hapo kila mmoja akamwachia mwenzake kazi ya kumwambia. Tarehe ya upasuaji ilikwisha kupangwa. Tulipoiona ile asilimia 9, nilipiga simu mimi mwenyewe nikasema mgonjwa hayuko tayari. Sasa mnajua. Lakini msinihukumu kabla ya kumjua babangu. Ni mtu ambaye akisikia neno saratani atageukia ukuta na hatakula tena. Nilifanya hivyo kwa kumhurumia.

Binti wa Malindi

Sikuhukumu, kaka yangu, kwa sababu nasi tulifanya hivyo hivyo. Mamangu alikuwa na uvimbe wa tumbo la uzazi, tukamwambia ni maji. Alilazwa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akamuuliza, “Na wewe saratani yako ni ya wapi?” Tulipofika saa ya kuwaona wagonjwa tulimkuta amekwisha kukunja leso zake zote na kuzifunga, moja juu ya nyingine, ameketi ukingoni mwa kitanda kama mtu anayengoja basi. Hakulia. Alituuliza tu ni nani mwingine anayejua. Mpaka leo swali hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mama wa Shela

Kumficha mzazi habari za mwili wake ni kumkosea adabu. Ana deni labda, ana wasia, ana watu anaotaka kuwaomba radhi.

Nahodha Mstaafu

Wengine hatutaki kuambiwa, bibi. Mimi nilisema wazi, “Nikiwa ninakufa, mwambieni mke wangu.” Lakini ninakiri kwamba mimi niliulizwa.

Mpekuzi

Samahanini ninyi nyote mnaolia. Nimeusoma uzi huu mara mbili na ninashuku tunasimuliwa hadithi. Kwanza, mzee alikuwa na miaka 71 juu kabisa, na hapo chini amekuwa na 68. Pili, daraja la 4 ni la mtu ambaye ugonjwa wake unatishia uhai wake wakati wote. Mtu huyo hawezi kuwa ndiye anayekaa dakani na kuvuta sigara baada ya alasiri. Tatu, nimekifungua kikokotoo hicho hicho nikajaza mambo uliyoyataja, upasuaji wa kupangwa kwa siku, na sikupata 9 hata nilipomzeesha. Hiyo 9 imetoka wapi? Watu hutunga visa vya wagonjwa humu kisha huleta namba ya kuchangiwa pesa.

Kijana wa Langoni

Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Kitambulisho cha babangu kimeandikwa tarehe 1 Januari, kama cha nusu ya wazee wa mji huu, kwa sababu karani aliukadiria mwaka alipomtazama mvi. Kwa kitambulisho ana miaka 71. Kwa hesabu ya shangazi yangu, ambaye anakumbuka nani alizaliwa kabla ya nani, ana 68. Kuhusu hiyo 9, nimempigia binamu sasa hivi na nimemwomba anitumie picha ya fomu. Ametumia umri wa kitambulisho. Penye kisanduku cha dharura ameweka alama. Nilipomuuliza sababu alinijibu, “Kwani saratani si dharura?” Na daraja la 4 aliliweka kwa sababu ni saratani. Penye uwezo wa kujihudumia aliandika kwamba anajitegemea kabisa, ilhali mimi ndiye ninayemshika mkono akienda msalani.

Muuguzi wa Zamu

Basi hiyo asilimia 9 si ya baba yako. Ni ya mtu mwingine ambaye hayuko nyumbani kwenu, mgonjwa zaidi yake kwa upande mmoja na mwenye nguvu zaidi yake kwa upande mwingine.

Dharura katika upasuaji ina maana yake. Ni mtu aliyeletwa utumbo umeziba au umetoboka, tumbo limevimba, anatapika, na lazima apasuliwe saa hizo hizo. Watu wa namna hiyo hufariki kwa wingi kuliko waliopangiwa siku wakaandaliwa. Uvimbe wa upande wa kushoto unajulikana kwa kuziba, kwa sababu utumbo wa huko ni mwembamba na choo kimekwisha kuwa kigumu. Kwa hiyo mkingoja miezi minne bila mpango, mnaweza kukifanya kisanduku alichokosea binamu kiwe kweli, tena mkiwa ng’ambo ya maji, mkitafuta mashua ya kwenda Mokowe, bara, usiku wa manane.

Daraja nalo limetokana na mfumo ulioanzishwa Marekani mwaka 1941, na linapangwa na daktari wa usingizi baada ya kumwona mgonjwa, kumsikiliza moyo na mapafu na kutazama vipimo vyake. Neno saratani peke yake halimfikishi mtu daraja la 4.

Sasa nitakutia wasiwasi mahali unapostahili kuwa nao. Kutoka kilo 64 hadi 53 ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya mwili wake. Mtu aliyekonda hivyo hupona polepole, kidonda chake huchelewa kushika, na pale utumbo ulipounganishwa panaweza kuvuja. Huko kuvuja ndiko madaktari wa upasuaji wanakokuogopa kuliko kitu chochote, na mara nyingi hujitokeza siku kadhaa baadaye, wakati jamaa wamekwisha kugawa halua. Sigara, ambayo huioni kuwa jambo kubwa, huongeza hatari hiyo hiyo pamoja na kichomi. Habari njema ni kwamba haya yanarekebishika: kwa mgonjwa aliyepungukiwa sana, hata kuahirisha kwa siku 7 hadi 14 ili alishwe vizuri kunakubalika kitaalamu, na kuacha sigara wiki nne kabla kuna faida inayoonekana. Lakini huko ni kungoja kwa mpango, daktari akijua. Kuzima simu ni jambo jingine.

Mpekuzi

Na hata ukijaza sawasawa, kikokotoo hicho kimejengwa kwa wagonjwa wa hospitali ambazo karibu zote ni za Marekani. Wodi ya huku si wodi ya huko.

Muuguzi wa Zamu

Hilo nalikubali bila ubishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa ndani ya wiki moja katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Walifariki takriban 2 kati ya kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana na hali zao hazikuwa za hatari kubwa. Linalonirudia kila nikiingia zamu ya usiku ni kwamba asilimia 94 ya waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji, yaani mezani walitoka salama. Kwa hiyo, Kijana, ukienda Mombasa muulize daktari ni nani atakayempima mzee presha, mapigo na joto saa nane za usiku wa tatu, na akibadilika ataitwa nani. Kikokotoo hakiwezi kukujibu hayo.

Na kumbuka kwamba asilimia ile ni ya siku 30 tu. Kama saratani itarudi baada ya miaka mitatu au mitano, hilo hukadiriwa kwa hatua ya ugonjwa, na hatua haijulikani sawasawa mpaka kilichokatwa kifike maabara na tezi za limfu zilizomo zichunguzwe na kuhesabiwa. Hutakiwa zichunguzwe tezi zisizopungua 12.

Mpekuzi

Nimeridhika kwamba si hadithi, kwani mtunzi angebuni kosa la maana zaidi kuliko lile la kisanduku. Samahani, Kijana. Lakini mrudishie daktari simu.

Nahodha Mstaafu

Binamu asipewe chombo chochote cha kuongoza mpaka amalize chuo.

Kijana wa Langoni

Nimerudi baada ya siku nne. Nilimwambia baba jana, baada ya isha, tukiwa dakani. Nilianza kwa kuzungukazunguka, akanikatiza: “Najua. Kidonda hakimwondolei mtu hamu yake ya samaki.” Hakugeukia ukuta. Asilimia hakutaka kuzisikia. Aliuliza jambo moja tu, ambalo sikulitegemea: daktari alitaja kwamba huenda choo kikatokea kwenye mfuko tumboni, kwa muda au moja kwa moja, je, ataweza kuswali naye akiwa na najisi mwilini? Alisema la kufa analijua, lakini la kusimama nje ya safu hataliweza.

Maalim wa Mkomani

Mwambie atulie. Huyo ni mwenye udhuru, kama yule asiyeweza kuzuia mkojo. Wakati wa swala ukiingia atausafisha au kuubadilisha mfuko kadiri awezavyo, atatawadha, kisha ataswali papo hapo, wala kinachotoka bila hiari yake hakiiharibu swala yake. Atatawadha upya kwa kila faradhi. Nitakuja mwenyewe kumweleza.

Binti wa Malindi

Muombe daktari akukutanishe na mtu anayeutumia mfuko huo kabla ya siku yenyewe. Mwache mzee aushike kwa mkono.

Kijana wa Langoni

Nimepiga simu Mombasa. Tarehe mpya ni baada ya wiki tatu. Katikati kuna daktari wa usingizi na mtu wa lishe. Sigara amempa shangazi azifiche. Asubuhi hii alipanda ngazi mpaka darini, ameniambia nimjulishe dada muuguzi kwamba alisimama mara mbili, na kwamba mara ya pili alikuwa akimtazama paka.