Nianzie wapi na Mirella Freni?

Mwanakwaya, Kondele: Wadau, naimba sauti ya kwanza kwaya yetu hapa Kisumu, juzi nikasikia Freni, yule mwimbaji wa opera wa Italia, kwa simu ya rafiki hadi machozi yakanitoka, sasa nianze na rekodi gani?

Nakuru: Opera ya La bohème ya 1972, Karajan akiongoza okestra, mwimbaji Pavarotti ndani. Freni na Pavarotti wote walizaliwa Modena, Italia, 1935 na mama zao walifanya kazi kiwanda kimoja cha tumbaku, ndio maana waliimba kama ndugu.

Kakamega: Mi napenda zaidi La bohème ile ya 1963 akiimba na Nicolai Gedda, sauti ya Freni bado changa. Alafu tafuta Madama Butterfly ya 1974, hiyo opera alirekodi tu, jukwaani hakuwahi kuiimba yote.

Mwanakwaya, Kondele: Asanteni sana, leo usiku nanunua bando.