Afya ya akili ifundishwe sekondari, au tunawaongezea walimu mzigo?

Wakuu, poleni na baridi. Niko Mafinga. Kuna hoja kwamba afya ya akili ifundishwe sekondari ili unyanyapaa upungue, kama jimbo la New York huko Marekani lilivyoifanya lazima tangu Julai 2018. Naunga mkono, ila waanze kufundishwa walimu na matroni.

Tumekua tukiambiana "wewe ni wa Mirembe". Hospitali yenyewe ya wagonjwa wa akili iko Dodoma, wengi hatujaona hata geti lake, lakini jina tunarushiana tangu shule ya msingi. Mtoto wa kidato cha tatu asiyepata usingizi wiki nzima atamwambia nani? Akithubutu, kesho bweni zima linamwita hivyo.

Halafu kuna mapepo. Waliosoma bweni za wasichana huku wanajua: mmoja anapiga kelele wakati wa prepo, jirani yake anafuata, kufika asubuhi wameanguka kumi. Mchungaji anaitwa, mpishi anashukiwa uchawi (maskini mpishi, sijui kwa nini huwa ni yeye). Hakuna anayeuliza habari za mtihani, msiba wa nyumbani au njaa. Wala si jambo geni. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko kilianza kwa wasichana watatu kikasambaa hadi shule ikafungwa. Mwalimu anayelijua hilo atawatenganisha, awatulize, azungumze nao mmoja mmoja.

Na sheria je? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Sisi tunamwambia mtoto afunguke, akifunguka ana kesi?

Mwalimu, Tukuyu: Mkuu, nakupinga. Darasa langu limefurika, silabasi haiishi. Shuleni kwetu mwalimu wa malezi ndiye huyo huyo wa nidhamu: asubuhi amekuchapa, mchana umwambie siri zako? Halafu nikimgundua mgonjwa nimpeleke wapi, na nauli ya kwenda Mbeya mjini atoe nani? VVU tumefundisha miaka na miaka. Unyanyapaa ulipungua watu walipoona jirani aliyekuwa kitandani anatumia dawa na analima viazi vyake. Leteni matibabu kwanza, somo baadaye.

Mleta mada: Mwalimu, la malezi na nidhamu nakubali, tena kuwatenganisha hao wawili hakusubiri bajeti. La VVU nakataa. Huyo jirani alikwenda kupima kwa sababu kuna aliyemweleza. Dawa zingekaa tu kwenye kabati la zahanati.

Wazazi wenye mabinti bweni Njombe na Makete, ninyi mnasemaje?