Tumezomewa kwenye runinga, niendelee na mwenzangu au nimuache? Naombeni ushauri

Mpambe wa Jukwaa: Wakuu, nina jambo linaninyima usingizi. Mimi na mwenzangu ni wachekeshaji, tumeanzia kwenye harusi na kichen pati hapa Dar. Juzi tukaitwa kwenye kipindi cha runinga chenye muziki, dansi na vichekesho. Mwenzangu akavua kofia ya mganga mapema, igizo lote likafa. Ukumbi ukaanza kumwita msanii wa singeli anayefuata. Jasho lilimyeyusha masizi ya ndevu mpaka kwenye kola. Nimuache?

Kinyozi Temeke: Pole. Ila kuwatanguliza nyinyi kabla ya singeli ni uonevu.

MamaTanga: Mdogo wangu alisahau maneno ya igizo mbele ya Mkuu wa Wilaya, akaanza kuimba wimbo wa taifa. Ukumbi mzima ukasimama. Leo ni mwalimu mzuri tu.

Mkongwe wa Redio: Kijana, tarehe 9 Februari 1964, New York, kipindi cha runinga cha Ed Sullivan kiliwapandisha wachekeshaji Mitzi McCall na Charlie Brill, mtu na mkewe, usiku uleule wa Beatles, bendi ya Waingereza. Watazamaji kama milioni 73. Baada ya mazoezi Sullivan akawaambia igizo lao haliwafai vijana waliojaa ukumbini, wakalibadilisha hapohapo. Vijana wanawataka Beatles, nani acheke? Wakaanguka vibaya, lakini hawakuachana. Sasa sema kweli: nani alibadilisha igizo lenu? Na huyo mwenzako ni nani kwako?

Mpambe wa Jukwaa: Mtayarishaji alitukata muda tukiwa nyuma ya pazia, akasema kofia ivuliwe mwanzoni. Mwenzangu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nisiwafiche, mtayarishaji kaniita peke yangu wiki ijayo na nimeshasaini. Malipo ya awali nimelipia kodi. Nina watoto, ningefanyaje?

Kinyozi Temeke: Kumbe hakukosea! Alifanya alichoambiwa!

MamaTanga: Umekuja kuomba ushauri au baraka? Mkeo anajua?

Mpambe wa Jukwaa: Bado. Lakini nafasi kama hii hairudi.

Mzee wa Ushahidi: Hii chai. Umezomewa halafu unaitwa tena wiki ijayo? Taja kituo.

Mpambe wa Jukwaa: Mkataba unanikataza kutaja. Aliyependa ni uso wangu wakati nazomewa, anataka nichekeshe kwa huo.

Mzee wa Ushahidi: Chai yenye tangawizi.

Kinyozi Temeke: Chai au siyo, mimi shemeji yangu aliuza bodaboda yangu na bado tunakula Idi pamoja.

Mkongwe wa Redio: Tuache kituo. Mwombe mtayarishaji mrudi wawili na igizo lenu lenyewe, bila kukatwa. Akikataa, shemeji asikie kwako kabla ya tangazo.

Mpambe wa Jukwaa: Tangazo limerushwa leo mchana. Ameshanipigia, sijapokea. Nianzie wapi?

MamaTanga: Anzia kwenye saini, mengine atauliza mwenyewe. Na mkeo mwambie leo, asije akayasikia kwa kaka yake.