Mvinyo wa mikoa midogo ya Ufaransa: nianzie wapi?

Mzabibu
Habari wadau. Nina duka dogo la mvinyo, na kwa Ufaransa nauza Bordeaux na Burgundy tu, kama kila mtu. Nataka kuleta wa mikoa isiyovuma: Jura, Gaillac, Irouléguy, Savoie. Mawakala ninaonunua kwao hawana. Wakulima wenyewe mnawapataje?

Pipa la Mwaloni
Mkuu, anza na mkoa mmoja uujue vizuri. Mimi nilichagua Jura, na bado naupenda kupita kiasi. Uko mashariki, kati ya Burgundy na mpaka wa Uswisi, na wakulima wengi wana hekta chache, wanajaza chupa wenyewe. Mvinyo wao ni kidogo mno kwa wakala mkubwa. Nenda Paris kwenye maonyesho ya Vignerons Indépendants, yaani wakulima wa mvinyo wanaojitegemea. Pale anayekumiminia ndiye aliyelima. Ukirudi, mwandikie kwa Kifaransa, hata mistari mitatu.

Onja vin jaune, yaani mvinyo wa njano wa Jura. Ni zabibu za savagnin peke yake, na kwa desturi hukaa kwenye pipa miaka 6 na miezi 3 bila kujaziliziwa. Juu yake huota utando wa hamira unaoukinga usigeuke siki. Mvinyo unapungua taratibu hadi lita moja ibaki kama sentilita 62, na ndiyo ujazo wa chupa yake fupi nene, clavelin. Ukinusa unapata jozi na bizari, na ladha haiondoki mdomoni upesi.

Mkulima atakupa makasha machache. Yachukue. Ukija mwaka wa sakitu, yaani baridi ya kugandisha, kama Aprili 2021 machipukizi yalipoungua, chukua hata kasha moja, tena bila kulalamika. Mavuno yakirudi, anayemkumbuka ni yule aliyebaki naye.

Bi Kasha
Naongezea upande wa mteja. Vin jaune usimuuzie mtu kabla hajaonja, atakurudishia akidhani imeharibika. Mimi huwaanzishia Bugey-Cerdon: rangi ya waridi, mapovu, utamu, kilevi kidogo. Akiupenda namsogezea mvinyo wa zabibu za poulsard kutoka Arbois, huko Jura, mwekundu uliopauka hadi unaona vidole vyako nyuma ya glasi. Anayetaka mzito kidogo nampa Marcillac, wa zabibu za fer servadou, una harufu ya pilipili manga.

Mzabibu
Asanteni sana. Sasa nikinunua makasha manne manne kwa wakulima watano, nani anayakusanya?

Pipa la Mwaloni
Wapo wasafirishaji wa mvinyo wanaopita kwa kila mkulima na kuweka mzigo ghala moja. Wafaransa huita groupage. Kabla hujalipa, uliza kama mzigo utakaa kwenye ubaridi safari nzima, maana wakulima wengi wa huko hutia salfa, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo, kidogo sana na joto huuharibu mvinyo upesi. Agosti usipange kitu, wengi wako likizo, na Septemba wako shambani wanavuna. Agiza mapema masika, mzigo uondoke kabla ya Juni.